Meza nayo inapimwa kama gauni

Mkono wangu wa kulia ulianza kuniamsha usiku mwaka juzi. Saa nane, saa tisa hivi nashtuka vidole vimekufa ganzi kabisa, gumba na cha shahada na cha kati na nusu ya kile cha pete, kidole kidogo chenyewe hakina neno. Nainuka nakaa kitandani nakung'uta mkono kama mtu aliyetoka kunawa, dakika mbili tatu ganzi inaachia, nalala, baada ya saa moja tena yaleyale. Nikawa najiambia nimeulalia tu. Miezi minne nilijiambia hivyo.

Mi ni mhasibu, kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Siku tatu nashinda ofisini Posta, siku mbili nafanyia kazi nyumbani Tabata. Wenye kazi hii wanajua mwezi wetu unavyokwenda, tarehe 7 PAYE, ile kodi ya mishahara, tarehe 20 ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, katikati hapo ni risiti za mashine za EFD na madeni ya wateja na benki haikubaliani na vitabu, kwahiyo kuanzia tarehe 15 mtu unakaa kwenye kiti masaa kumi, kumi na mbili, chai unaletewa hapohapo, chakula hapohapo. Na ndo wiki hizo mkono ulikuwa unaniamsha zaidi ila sikuunganisha hata siku moja. Shingo nayo ilikuwa inauma lakini shingo nilishaizoea, nilidhani ndo utu uzima. Mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio na sikujua kama yamepanda, mpaka mdogo wangu siku moja akawa ananikanda na mafuta ya nazi akauliza dada mbona hapa pamekuwa pagumu kama ubao.

Kila niliyemwambia alikuwa na jibu moja, nunua kiti cha maana. Basi nikadunduliza nikanunua kiti cha bosi, kile kikubwa cha ngozi chenye mgongo mrefu, laki tatu na themanini, nikakiweka mbele ya meza ya chakula ambayo nyumbani ndo ilikuwa meza yangu ya kazi. Mi nina sentimita 156. Kiti kile kimetengenezwa kwa mtu mrefu, ukirudi nyuma uegemee, ukingo wa mbele unakugonga uvunguni mwa goti na miguu inaning'inia, ukisogea mbele miguu ikanyage chini, mgongo unakosa pa kuegemea. Kwahiyo siku nzima nakaa kwenye ncha ya kiti, mgongo wote mrefu ule uko nyuma yangu haunigusi. Shingo haikupona, mkono haukupona, na sasa kiuno kikaongezeka.

Hapa naomba niseme wazi maana naona watu wanachoma hela kwenye viti. Kabla hujauliza bei, kaa. Rudi nyuma mpaka mgongo uguse egemeo, halafu pitisha vidole vitatu kati ya ukingo wa kiti na uvungu wa goti lako. Vikipita vizuri, kina cha kiti hicho, yaani kutoka egemeo mpaka ukingo wa mbele, ni chako. Visipopita kiache, hata kama wamekushushia bei, hata kama rafiki yako anacho na anakisifia, yeye ana mapaja yake na wewe una yako.

Hospitali nilienda nilipoangusha kikombe cha chai, nilikuwa nimekishika kabisa halafu sikukisikia mkononi, kikaenda chini. Daktari hakuanza na mapicha. Aliniambia nikunje mikono, migongo ya viganja igusane, vidole viangalie chini, nikae hivyo dakika moja. Hata nusu dakika sikufika, vidole vilevile vitatu na nusu vikaanza kuchomachoma. Akanieleza kwa kunichorea kwenye karatasi ya dawa, kwamba kuna mshipa mmoja wa fahamu unaopita hapa kwenye kifundo cha mkono ndani ya kitundu chembamba, na humo ndani haupo peke yake, umebanana na kano tisa za kukunjia vidole. Pakivimba kidogo tu, au mkono ukikaa umekunjika muda mrefu, mshipa unabanwa. Na usiku tunakunja mikono bila kujua ndo maana inaamsha watu usiku. Kile kidole kidogo kinaachwa kwasababu sehemu kubwa ya hisia zake zinapita kwenye mshipa mwingine. Nilifurahi sana kuelewa hilo, maana nilikuwa nimeshaanza kuogopa kiharusi.

Alinipima sukari, akauliza kama nina ujauzito, akauliza habari za tezi ya shingo, maana vyote hivyo vinaweza kuleta hali hiyohiyo, na akaniambia kabisa nisikimbilie kuilaumu kibodi kama vile ndo chanzo peke yake. Akanipa ile bendeji ngumu yenye kibati ndani, navaa usiku mkono unalala umenyooka, wiki sita. Halafu akaniandikia niende fiziotherapia, kwa wale wa tiba ya viungo.

Kaka wa fizio ndo aliyenifungua macho. Nilikaa nikaanza kumweleza nakaaje kazini akanikatisha, akasema dada usinieleze, mtu akieleza anajinyoosha kwanza. Mwambie mtu wa nyumbani akupige picha ya ubavuni bila wewe kujua, siku ya kazi, saa kumi jioni ukiwa umechoka. Mdogo wangu akanipiga.

Ile picha nimeikuza nikaitazama muda mrefu. Meza imenipanda kifuani. Viwiko viko chini ya usawa wa meza kwahiyo mabega yamenyanyuliwa juu ili mikono iweze kufika kwenye kibodi, vifundo vya mikono vimepinda na vimelazwa kwenye ukingo wa meza, na nikigeuza mkono naona mstari mwekundu wa ule ukingo umekaa palepale kwenye kile kitundu alichonichorea daktari. Kidevu kimetangulia mbele kinakitafuta kioo cha laptop. Miguu imejikunja nyuma, vidole tu ndo vinagusa sakafu. Nilimwonea huruma yule mtu kwenye picha, kwakweli. Miaka minne anafanya kazi hivyo na hakuna aliyemwambia.

Fizio akaniambia kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, kikikaa juu ya mabega mifupa inakibeba yenyewe, kikitangulia mbele ni misuli ya shingo inakishikilia kisianguke, dakika zote hizo, siku zote hizo. Halafu akauliza, meza yako ina urefu gani kutoka chini? Sikujua. Na kiwiko chako ukikaa kiko wapi kutoka chini? Hilo sikuwahi hata kusikia mtu akiuliza. Akasema nenda kapime hivyo viwili kwanza, ukishavijua utarudi tuongee.

Jirani yangu ni fundi cherehani, mama mtu mzima, ana chumba chake cha kushonea hapohapo uani. Nikaenda kumwomba futi kamba. Akauliza unapima nini, nikamwambia, akasema mtu hajipimi mwenyewe anajipinda, akaivaa futi kamba shingoni akanifuata mpaka ndani. Kwanza alinikalisha kwenye stuli, akaniangalia miguu, akasema shuka, akaleta nyingine fupi, ikawa fupi mno, akakunja kanga akaiweka juu yake mpaka nyayo zikalala chini zote na mapaja yakawa sawa hayaendi juu wala chini. Akasema legeza mkono, uache udondoke. Mkono ukaning'inia ubavuni, akaukunja kwenye kiwiko, akashusha futi kamba kutoka hapo mpaka sakafuni. Sentimita 63, na ndala miguuni. Akaenda kwenye meza ya chakula. 76.

Akaniangalia akasema mwanangu, gauni likikuzidi sentimita 13 unanirudishia siku hiyohiyo, hii meza umeivaa mwaka wa ngapi?

Toka siku hiyo hilo neno halijanitoka. Nguo tunapimwa, viatu tunapima, hata sufuria mtu unalinganisha na jiko lako, lakini meza ambayo unaikalia masaa kumi kwa siku unaikuta ilivyo na wewe ndo unajikunja uienee. Nimepita baadae na futi kamba kwenye meza nyingi kweli, za mafundi wa Keko, za Buguruni Malapa, za dukani, nyingi nilizopima ziko kati ya 72 na 76. Mtu mrefu zinamfaa. Mtu wa kimo changu, na wanawake wengi ninaofanya nao kazi ni wa kimo changu, haziwezi kumfaa hata akae vipi.

Na ushauri ambao wote wanautoa ni kaa wima, nyoosha mgongo. Jamani. Huwezi kukaa wima kwenye meza inayokuzidi, utajinyoosha dakika tano kwa kujilazimisha ukianza kuwaza kazi mwili unarudi kule unakovutwa. Mi nilijilaumu sana kwa uzembe wa kukaa vibaya, kumbe mwili ulikuwa unafanya jitihada zake zote ufikie kibodi.

Nyumbani nilitafuta meza ndogo used ya mwanafunzi, ya mninga, ilikuwa na 75. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kiwiko 63, kibodi yenyewe ina unene wa sentimita 2 hivi, kwahiyo juu ya meza inatakiwa pawe 61. Nikaita fundi seremala akate miguu sentimita 14. Alitaka kukata kwa kuweka alama kutoka chini, nikamwambia fundi hapana, pima kutoka juu ya ubao kushuka, miguu yote minne, maana sakafu za nyumba zetu za kupanga hazilali sawa. Akapima, akakata, akapiga msasa. Kikatokea kitu ambacho sikukiwaza, nikiingiza miguu mapaja yanagonga droo. Tukang'oa droo yote na ule ubao wake wa mbele, ikabaki meza tupu. Kwahiyo wewe ukitaka kufanya hivi angalia hilo mapema, meza ikishuka lazima mapaja yapate pa kupita, meza yenye droo katikati haikubali kukatwa sana.

Kile kiti cha bosi nilimuuzia mfanyakazi mwenzangu, kijana mrefu, kimemkaa kama alipimiwa. Mi nikachukua kiti cha kawaida cha ofisi, used, kitambaa kimechoka kidogo ila kinapanda na kushuka na kina chake ni changu, laki moja na ishirini. Kiunoni pale pana uwazi, nikakunja kanga mara nne nikaiviringisha nikaifunga na mpira, naiweka usawa wa mkanda. Ile kanga imenisaidia kiuno kuliko kitu chochote nilichonunua na ilikuwepo kabatini.

Ofisini sasa, ofisini huwezi kukata meza ya watu. Kule meza ni 74 zote kumi na mbili, zilinunuliwa kwa pamoja. Ukiwa na meza usiyoweza kuigusa unageuza hesabu, unapandisha kiti mpaka kiwiko kifike usawa wa kibodi, halafu miguu ikishaachia sakafu unailetea sakafu hukohuko juu. Yaani kigoda. Kibodi iko 76, kiwiko changu 63, tofauti ni 13, kwahiyo nahitaji kigoda cha sentimita 13. Na fundi seremala alikuwa bado ana vile vipande vinne vya miguu ya meza yangu pale chini, akavipunguza vikawa 11, akapigilia ubao wa sentimita 2 juu. Kigoda changu cha ofisini ni miguu ya meza yangu ya nyumbani. Nakipenda sana kile kigoda. Kiwe kipana lakini, miguu iweze kuhamahama, kikiwa chembamba unaganda sehemu moja na unarudi kulekule.

Kilileta maneno. Wageni walikuwa wanakuja, mtu wa utawala akaniambia nikitoe kinaharibu muonekano wa ofisi. Nilinyamaza siku ile nikakiweka chini ya kabati. Usiku mkono ukaniamsha, basi asubuhi nikaandika barua fupi ya heshima, nikaambatanisha cheti cha daktari, nikataja ile sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Sheria Namba 5, ambayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndo wanaisimamia, kwamba mwajiri ana wajibu wa kuangalia kazi isimuumize mfanyakazi. Sikugombana na mtu, niliandika tu. Watu wengi wanadhani OSHA ni mambo ya helmeti na viwandani na mapipa ya kemikali, lakini mgongo wa mtu wa ofisini nao ni mwili wa mfanyakazi. Kigoda kikarudi mahali pake na hakuna aliyekigusa tena.

Laptop nayo ina tatizo lake la kuzaliwa, kioo na kibodi vimeungana. Ukiiweka chini mikono inafurahi shingo inalia, ukiinyanyua shingo inafurahi mikono inalia. Hamna namna ya kuikaa vizuri siku nzima kama ilivyo. Nilinunua kibodi ya nje na mausi Kariakoo, vyote elfu thelathini, na laptop nikaipandisha juu ya rimu mbili za karatasi ambazo ofisi yoyote haikosi. Rimu moja ya karatasi 500 ina unene kama sentimita 5 kwahiyo unaongeza na kupunguza mpaka ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Mwenye miwani ya lenzi mbili, ile ya kusomea iko chini, yeye ashushe zaidi, la sivyo atakuwa ananyanyua kidevu siku nzima. Umbali ni mkono wako, nyoosha mkono, ncha za vidole ziguse kioo.

Hapo nikagundua kitu. Nimeweka kila kitu sawa na bado baada ya nusu saa najikuta nimeinama mbele. Nilimpigia yule kaka wa fizio akauliza maandishi yako makubwa kiasi gani? Excel yangu ilikuwa kwenye asilimia 85 ya ukubwa wake, nilikuwa naipunguza ili nione safu nyingi kwa mara moja. Nikaipandisha 130. Nikarudi nyuma mwenyewe bila kujikumbusha, mgongo ukaenda kwenye egemeo kama umeitwa. Macho ndo yalikuwa yanavuta shingo. Nilienda pia kupima macho na kweli nilihitaji miwani ya namba ndogo. Kwahiyo kama unainama sana, kabla hujaulaumu mgongo jiulize kama unaona.

Mausi ndo sehemu ambayo sisi wahasibu tunaumia na sijasikia mtu anaiongelea. Kibodi yetu lazima iwe na namba upande wa kulia, hatuwezi kuishi bila zile namba. Sasa zile namba zinausukuma mausi mbali kulia, kwahiyo kila ukishika mausi mkono unatoka nje ya bega, bega linashika uzito, na mkono huohuo wa kulia ndo unaopiga namba na ndo unaoshika kalamu. Mkono mmoja kazi tatu. Nikahamisha mausi kushoto. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso, nabonyeza siko, kazi ya saa moja inachukua mbili, kwahiyo usianze tarehe 17, anza tarehe 21 ritani zikishaenda. Wiki ya tatu mkono wa kushoto ulikuwa umeshajua, na leo kulia napiga namba kushoto naburuza, kazi inaenda haraka kuliko zamani. Usiulaze mkono kwenye ukingo wa meza unapoandika. Wenye mausi iliyo mbali wasogeze, kitu unachokigusa kila dakika kikae ndani ya kiwiko, simu na stepla na kikombe ndo viende mbali.

Makaratasi. Risiti na ankara nilikuwa naziweka kushoto zimelala, kwahiyo shingo inageuka kushoto chini, kulia juu, mara mia mbili kwa siku. Fundi seremala akanitengenezea kibao kimesimama kwa mshazari, kama kile cha kuwekea msahafu, kinakaa kati ya kibodi na kioo. Macho yanashuka, shingo inabaki.

Mwanga na upepo nitasema kwa kifupi. Nyumbani dirisha lilikuwa nyuma yangu, mchana kioo chote ni jua na mapazia, sioni, nageuza kichwa kutafuta pembe. Nikageuza meza dirisha likawa ubavuni. Na pangaboi ilikuwa juu ya kichwa inapuliza usoni, mtu ukikodolea kioo unapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ukiongeza na upepo macho yanakauka yanawasha mpaka jioni mekundu. Nilihama kidogo chumbani upepo ukawa unapita mgongoni. Joto la Dar lazima upepo, ila usiwe wa macho.

Na kuinuka. Hili ndo lilinichukua muda kuliko yote, maana meza ikishakuwa nzuri unakaa zaidi. Bibi yangu wa Mafia alikuwa msukaji ukili, ile mikanda ya majani ya kushonea mikeka, amesomesha watoto kwa mikeka. Anakaa chini kwenye jamvi miguu ameinyoosha, na ukili unapimwa kwa pima, mikono miwili imekunjuliwa huku na huku, shubiri kwa vitu vidogo, mkono kwa vya kati, hana futi wala rula, kipimo ni mwili wake. Akitimiza pima moja anainuka. Haangalii saa. Anaviringisha ukili, anaenda kuchochea moto, anamwita mtoto, anakunywa maji, anarudi pima nyingine. Ameingia kwenye miaka ya themanini mgongo wake umenyooka. Mi nilijaribu kengele za kwenye simu, kila nusu saa inalia, nilikuwa naizima huku macho yako kwenye Excel. Nikafanya kama bibi, nikajiwekea pima zangu. Faili la mteja mmoja likiisha nainuka. Benki ikikubaliana na vitabu nainuka. Simu ikiita naipokelea nimesimama dirishani natazama mbali, kule meli zinakopita, na macho nayo yanapata kupumzika. Nilipunguza chupa ya maji nikaweka kikombe kidogo ili nikifuate. Na sala, nilikuwa nachelewesha adhuhuri mpaka alasiri inakaribia kisa kazi, sasa nikisikia adhana naenda, namshukuru Mungu kwa hilo, mwili unapata kusimama kuinama na kusujudu na kichwa kinapata kimya chake.

Sikupona kwa wiki moja, nisidanganye. Bendeji nilivaa wiki sita zote, na mwisho wa hizo mkono ulikuwa unaniamsha labda mara moja kwa wiki. Kufika miezi mitatu ukaacha. Ukizidisha kukaa zile siku za kuelekea 20 bado naonywa kidogo, gumba linawasha, basi usiku ule navaa bendeji. Bega ndo lilikawia. Ila wewe ambaye ganzi haiondoki hata mchana, au unaangusha vitu, au nyama ya chini ya gumba unaiona imeanza kubonyea, usihangaike na meza kwanza, nenda hospitali, mshipa ukibanwa muda mrefu unaweza usirudi kama ulivyokuwa, na wapo wanaohitaji upasuaji mdogo na wanapona.

Ofisini vigoda vimekuwa vinne. Dada wa mapokezi, wa kumbukumbu, na binti aliyeajiriwa mwezi wa pili, huyu nilimpima siku yake ya kwanza kabla hajazoea vibaya. Kiwiko chake 61, kafupi kuliko mimi. Kigoda chake ni 15.

Wiki iliyopita nilienda kwa fundi kuchukua gauni la harusi ya binamu yangu, ikawa yuko kazini hakunisikia naingia. Nikasimama mlangoni. Amekaa kwenye stuli yake ndefu ya miaka yote, ameinamia sindano, shingo imekunjika kabisa, na taa iko nyuma yake kwahiyo kivuli cha kichwa chake mwenyewe kinaangukia kwenye kitambaa. Nikatoa simu nikampiga picha ya ubavuni. Nikamwonyesha. Aliiangalia akashika kiuno, akasema kumbe. Cherehani ya kukanyaga huwezi kuinyanyua peke yake, pedali nayo inapanda, kwahiyo tulichofanya ni kuishusha stuli, yeye mwenyewe akashika futi kamba upande mmoja mi upande mwingine, tukaweka alama ya chaki sentimita 6 kwenye kila mguu, na balbu tukaivuta ikaja mbele kushoto. Fundi seremala anakuja Jumamosi na msumeno.